Saa mkononi, maumivu mguuni: shajara ya mradi wa kupima kipima hatua

Siku ya 1

Nimeanza kazi hii kwa sababu ya grafu moja. Mwezi uliopita mtaalamu wa fiziotherapia alifungua takwimu za saa yangu janja, akakuta siku tatu mfululizo zenye hatua zisizofika 800, akaandika kwenye faili kwamba siku hizo nilikuwa nimelala tu. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nazunguka nyumba nikishika ukuta, napiga deki kidogo kidogo, nakaa, nainuka tena. Nilitoka pale na hasira. Njiani kurudi hasira ikageuka swali: hii saa ilihesabu nini hasa, na iliacha nini?

Nina maumivu ya kiuno yanayoteremka hadi mguu wa kushoto. ICD-11, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unayaita sugu maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Mimi huu ni mwaka wa sita. Siku nzuri natembea kama watu wengine. Siku mbaya natembea kwa mkongojo, nao naushika mkono wa kulia, upande usiouma. Mimi ni mashoto, kwa hiyo hata saa naivaa mkono huohuo wa kulia. Naandika haya mapema kwa sababu nashuku ndipo penye tatizo.

Mpango ni mwepesi. Korido ina mita 10, nimezipima kwa futi kamba na kubandika utepe kila mwisho. Nitatembea hatua 100 zilizohesabiwa na mtu, kisha nitasoma saa imesema ngapi. Binti wa kaka yangu, anayesoma takwimu chuoni, atakuwa anarekodi miguu yangu kwa simu ili tuhesabu upya kwenye video.

Siku ya 2

Leo hatujapima chochote. Tumebishana kuhusu neno "hatua".

Tulipotazama video ya majaribio, binti alisimamisha picha. "Shangazi, hapa umeuburuta. Hii nayo ni hatua?" Mguu wa kushoto ulikuwa umesogea kama nusu ya unyayo bila kunyanyuka sakafuni. Anayetembea bila maumivu hana haja ya kujiuliza swali hili. Sisi tulilirudia mara nne, kwenye picha nne tofauti. Tumekubaliana hivi: mguu ukibadilisha mahali na kisha ukabeba uzito wa mwili, ni hatua, umenyanyuka au umeburutwa. Mguu ukijongea bila kubeba uzito, si hatua. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili tusije tukaligeuza katikati ya kazi namba zitakapotuudhi.

Siku ya 3

Majaribio yote ya leo nimeyatupa. Nilikuwa namaliza hatua 100 na kusoma saa papo hapo, kumbe saa huchelewa kuonyesha. Mzunguko wa pili ulisoma 71, wa tatu ukasoma 126. Hatua za mzunguko mmoja zilikuwa zinaingia kwenye hesabu ya mzunguko unaofuata. Kuanzia sasa: nikimaliza nasimama tuli dakika mbili kamili, mkono umening'inia, ndipo nasoma.

Siku ya 5

Siku nzuri. Maumivu 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10. Mita 10 nazimaliza kwa sekunde 9, sawa na kilomita 4 kwa saa.

Mizunguko 10 ya hatua 100: 98, 101, 97, 99, 100, 98, 99, 102, 97, 99. Wastani 99.

Nakiri nilivunjika moyo. Nilitaka saa ikosee, nayo imefanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini ukijua inavyofanya kazi utaona kwa nini siku kama hii haiipi shida. Ndani yake mna kihisi kidogo kiitwacho akselerometa, kinachopima mabadiliko ya kasi kwa pande tatu, mara nyingi katika kila sekunde. Saa haiuoni mguu. Inachopata ni mawimbi: mkono unaopunga mbele na nyuma, na mtikiso wa kisigino kinapogonga sakafu. Programu hutafuta vilele vya mawimbi hayo, vyenye urefu wa kutosha na vinavyopishana kwa mpangilio. Kilele kikivuka kizingiti, ni hatua. Kisipokivuka, huchukuliwa kuwa kelele na kuachwa.

Leo nilipunga mikono na kukanyaga kwa kisigino. Nilikuwa nalisha mashine kile inachokipenda.

Siku ya 8

Siku mbaya, 7 kati ya 10. Nimeamka nikajua leo ndiyo siku tuliyokuwa tunaisubiri, na sina furaha nayo.

Mita 10 kwa sekunde 20. Hiyo ni kilomita 1.8 kwa saa, na si mimi niliyechagua mwendo huo. Tulikuwa tumepanga mizunguko 10 kwa kila hali, nikaweza 5 tu, na mapumziko marefu katikati.

Bila mkongojo, saa mkononi: 71, 58, 66, 49, 61. Wastani 61.

Na mkongojo, saa kwenye mkono ulioushika: 33, 45, 29, 38, 40. Wastani 37.

Kisha binti akaja na wazo ambalo sikulifikiria. Alishona kipande cha lastiki kwenye ukanda wa saa, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Mizunguko mitano ya polepole, na mkongojo: 96, 98, 95, 99, 97. Wastani 97.

Tulitazama video ya mkongojo mara mbili, safari hii tukiacha miguu na kuangalia mkono. Mkono haupungi. Umekaza kwenye mpini, unasogea mbele kidogo mara moja kwa kila hatua mbili, unatulia hadi mguu wa kushoto ufike. Kisigino nacho hakigongi. Nashusha unyayo mzima, taratibu, kwa sababu mtikiso ndio unaoumiza. Kila ninachokifanya kuupunguzia mguu maumivu kinaifuta ile alama ambayo saa inaitafuta.

Watafiti walishagundua zamani kwamba vifaa vya mkononi na vya kiunoni hupoteza hatua mtu anapotembea polepole, na kwamba kifaa cha kwenye kifundo cha mguu hustahimili zaidi. Nililisoma hilo kabla ya kuanza. Kulisoma ni jambo moja. Kutazama namba 29 ikitokea kwenye kioo ilhali umetoka kutembea hatua 100, kila moja ukiisikia hadi kwenye meno, ni jambo jingine.

Siku ya 9

Nimelala, kweli safari hii, nikiandika na kupiga hesabu.

Tuseme siku nzuri natembea hatua 4,000 za kweli, na siku mbaya 2,000. Nimeshuka kwa nusu. Sasa tuiulize saa. Siku nzuri itaandika karibu 3,960. Siku mbaya, nikiwa na mkongojo, itaandika karibu 740. Kwenye grafu nitaonekana nimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Jambo lote liko hapa. Kama saa ingepunguza theluthi kila siku, nisingejali, maana ningelinganisha siku na siku na picha ingebaki ilivyo. Lakini kosa lenyewe linakua maumivu yanapokua. Mtu anayepimwa akiwa na nguvu hupata haki yake karibu yote, na mtu huyohuyo akizidiwa hunyang'anywa hata alichokifanya. Mtaalamu anayesoma grafu hiyo haoni maumivu wala mkongojo, anaona mtu aliyekata tamaa.

Binti ameuliza kwa nini tusizidishe tu namba za siku mbaya ili zifike 100. Nimemwonyesha safu ya jana: 49 na 71, mtu mmoja, korido moja, asubuhi moja. Hakuna namba moja ya kuzidishia itakayozirekebisha zote mbili.

Siku ya 12

Hatua za ndani ya nyumba. Kutoka kitandani hadi mlango wa choo ni hatua 8. Nimeenda mara 10, kila mara nikisimama dakika mbili kabla ya safari nyingine. Mara tisa saa iliandika sifuri. Mara ya kumi nilifika mlangoni, nikakumbuka simu, nikageuka bila kusimama, zikawa hatua 16 mfululizo. Ikaandika 15.

Kwa hiyo si kwamba haikuziona. Saa nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu, ili kupiga makofi au kusugua meno kusigeuke kutembea. Ni kinga nzuri kwa anayetoka kukimbia. Kwa mtu ambaye siku yake nzima imekatwakatwa vipande vya hatua sita, saba, nane, kinga hiyo inaifuta siku yenyewe.

Siku ya 14

Nimezima lengo la hatua 10,000 na ile kengele ya kila saa inayosema inuka utembee.

Hiyo 10,000 haikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikaa vizuri masikioni, ikaenea dunia nzima. Wagonjwa wa maumivu sugu tuna hatari nyingine inayojulikana sana kwa watu wa fiziotherapia: siku nzuri mtu anafanya kila kitu kilicholala, kisha analipa kwa siku tatu za kitandani. Tunafundishwa kujigawia nguvu, kusimama kabla mwili haujalazimisha. Kengele inayonisukuma saa tisa alasiri, wakati nimekaa kwa makusudi ili niweze kusimama saa kumi na moja, inafundisha kinyume chake. Natamani saa iwe na dari badala ya lengo. Initikise nikifika 3,500 iseme inatosha kwa leo.

Siku ya 16 hadi 19: usingizi

Usiku wa kwanza nilikuwa nachora mstari kwenye daftari kila nilipojikuta macho. Asubuhi nikagundua kosa: kuchora ni kujongea, na kujongea ndiko kunakoiambia saa kwamba sijalala. Nilikuwa naisaidia. Usiku uliofuata niliacha simu ikirekodi sauti kando ya mto, nikawa nasema tu "niko macho" bila kusogeza mkono.

Usiku wa tatu ndio wa kukumbuka. Kati ya saa saba na saa kumi usiku, sauti yangu inasikika mara 11. Nilikuwa chali, sigeuki, kwa sababu kugeuka kulikuwa kunauwasha mguu mzima. Saa iliandika kwamba usiku ule nimelala kwa muda wa saa 7 na dakika 10, na kipande cha muda huohuo ikakipaka rangi ya usingizi mzito.

Kipimo kamili cha usingizi, polisomnografia, husoma mawimbi ya ubongo, macho yanavyozunguka na misuli inavyolegea. Saa ina mwendo wa mkono na mapigo ya moyo tu, kisha inakisia. Inajua vizuri kukutambua ukiwa umelala. Inachoshindwa ni kumtambua mtu aliye macho ametulia. Mwenye maumivu hutulia si kwa raha, hutulia kwa woga wa kujitikisa. Nimesikiliza rekodi ile mara moja tu, sitaisikiliza tena. Namba za usingizi nimeziondoa kwenye mradi.

Siku ya 22

Mapigo ya moyo. Nimeyalinganisha na kidole shingoni, sekunde 60 kamili, mara 12. Nikiwa nimekaa, saa inapishana nami kwa pigo moja au mawili. Nikitembea inayumba zaidi. Saa hummulika mtu mwanga wa kijani na kupima unaorudi, maana damu huufyonza, na kila pigo hubadilisha kiasi cha damu kilichopo. Ukanda ukilegea au mkono ukitikisika, mwanga wa nje huingia na hesabu huchafuka. Ngozi yangu ni nyeusi, na nilitaka kujua kama hilo lina uzito. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2017, uliopima vifaa 7 kwa watu 60, uliona kosa likiwa kubwa zaidi kwa ngozi nyeusi. Mwingine wa 2020 haukuona tofauti ya maana kwa rangi, ila uliona kosa likiongezeka mtu anapokuwa kwenye shughuli. Kwangu mimi nikiwa nimetulia, saa iko sawa.

Shida iko kwenye kile inachokifanya na mapigo hayo. Saa nyingi hukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri wako kwenye 220, kisha hupima ukali wa zoezi kwa hapo. Dawa ninayomeza usiku kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu ni amitriptyline, na hiyo huweza kuyapandisha mapigo. Mwenye kutumia dawa za kundi la beta-bloka ana kinyume chake, moyo wake haupandi hata akijikaza. Na maumivu yenyewe huuharakisha moyo. Juzi nikiwa nimekaa kitini, mguu umeshika moto, saa ilinipongeza kwa dakika za mazoezi mepesi.

Kalori sitazipima kabisa. Katika utafiti uleule wa Stanford, vifaa 6 kati ya 7 vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5, lakini kwenye nishati kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Kutembea kwa kuchechemea au kwa magongo kunakula nguvu zaidi kwa kila mita, na saa haijui kama nachechemea.

Siku ya 26

Usiku saa imejisasisha yenyewe. Nilipoona ujumbe asubuhi, nilirudi koridoni kwa mwendo wa polepole bila mkongojo: 68, 74, 63, 77, 70. Kabla ya hapo wastani ulikuwa 61, leo ni 70. Huenda ni programu mpya, huenda ni mguu wangu wa leo. Sina njia ya kuvitenganisha, na kampuni hazisemi ndani ya hesabu zao wamebadilisha nini. Nimezima usasishaji na kuandika namba ya toleo juu ya kila ukurasa. Majaribio ya kabla na baada sitayachanganya. Imeniuma, maana siku ya 8 sitaki kuirudia.

Siku ya 29

Wiki hii tumekusanya mizunguko 20 ya urefu tofauti, kuanzia hatua 40 hadi 400, mingine haraka na mingine polepole. Binti alikuja na furaha: uwiano kati ya saa na video, yaani jinsi namba zao zinavyopanda na kushuka pamoja, ni 0.95, na 1 ndiyo kamili. "Shangazi, saa yako ni nzuri!"

Nilimwomba achore upya kwa njia ambayo wanatakwimu J. Martin Bland na Douglas Altman waliieleza kwenye jarida la Lancet mwaka 1986. Hapo huulizi kama namba mbili zinapanda pamoja, kwa sababu lazima zipande, safari ndefu ni ndefu kwa vyovyote vile. Unatoa moja kwa nyingine, unatazama tofauti imekaaje. Tukachora tofauti kwa wima, na kasi ya mwendo kwa mlalo, ambao ni ubunifu wetu kidogo. Upande wa kulia, wa mwendo wa haraka, nukta zimelala juu ya mstari wa sifuri kama shanga. Kuanzia katikati zinaanza kulegea, na upande wa kushoto zinaporomoka na kutawanyika.

Binti alikaa kimya akiutazama mchoro, kisha akasema hajawahi kuona uwiano mkubwa ukificha kitu kikubwa hivi. Hapo ndipo nilipoona kwamba naye sasa ni mtafiti kamili kwenye kazi hii, si mshika simu.

Siku ya 33

Siku mbaya nyingine, 6 kati ya 10. Tulijiandaa: binti ameniazima saa yake ya zamani ya aina ileile, toleo lilelile la programu. Moja mkononi, moja kifundoni, tangu asubuhi hadi jioni.

Mkononi: 704. Kifundoni: 1,931.

Sijaishangilia hiyo ya pili kabla ya kuihoji. Niliketi dakika 10 nikitikisa mguu kama mtu aliyechoka kusubiri, ikaniandikia hatua 46 za bure. Kwa hiyo nikikaa muda mrefu naivua. Na zile safari fupi za chooni bado inazipoteza, maana kizingiti cha hatua mfululizo kimo ndani ya programu popote utakapoivaa. Hata hivyo ipo karibu na siku niliyoiishi kuliko 704.

Siku ya 40

Nimerudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia na karatasi tatu: safu za siku ya 8, mchoro wa nukta, na siku ya 33. Alisoma kimya, akarudi kwenye karatasi ya kwanza, akaniomba nitembee mbele yake na mkongojo huku akiangalia mkono wangu. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo dada, kushuka kulikuwepo, ila si kwa kiasi kile?"

Nikamjibu ndiyo. Ningependa kusema hakukuwepo kabisa, lakini video zinasema kulikuwepo.

Tumekubaliana kwamba mkononi tutasoma siku nzuri tu, nazo nizilinganishe na siku nzuri nyingine za toleo lilelile la programu. Siku za mkongojo saa iende kifundoni, nami niandike kila nusu saa kama nilikuwa nimesimama, nimekaa au nimelala, na namba ya maumivu kando yake. Zile karatasi tatu amezitoboa na kuzitia kwenye faili, mbele ya ukurasa wenye yale maneno yake.

Bado hatujapima ngazi, zulia, wala kusukuma kitoroli, ambako mkono nao hutulia. Lastiki imeanza kunichubua kifundo, binti anashona nyingine pana zaidi.